Maswali ya Barabarani: Breki Zilizokuwa Nzima Asubuhi

SWALI: Natoa saruji Tororo hadi Kisoro kwa trela. Asubuhi fundi alizikagua breki, zikashika vizuri. Nikishuka Kanaba, pedali ikawa inakanyagika tu na gari halipungui mwendo. Upepo wa breki ulikuwa umejaa. Shida ni nini? – Dereva, Tororo

JIBU: Pole, ndugu dereva. Shida ni joto. Asubuhi dramu, ile ngoma ya chuma inayozunguka na gurudumu, ilikuwa baridi. Ukikanyaga breki mteremko mzima, dramu hupata moto, hutanuka na kujitenga na viatu vya breki vinavyoibana kwa ndani. Fimbo ya chemba, yaani kopo la upepo linalosukuma breki, hulazimika kusafiri mbali zaidi. Kama breki zililegea hata kidogo, fimbo hufika mwisho kabla viatu havijabana. Upepo upo, nguvu haipo.

Mwambie fundi apime fimbo, asiishie kukanyaga pedali. Gari likiwa tambarare, magurudumu yamewekewa kabari na injini imezimwa, upepo uwe bar 6 hadi 7, breki ikanyagwe, fimbo ipimwe. Kwa chemba ya aina ya 30, ikitoka zaidi ya inchi 2, kaza. Trela nayo ipimwe, kila ekseli. Wapo wanaozifunga breki za trela zisifanye kazi, ili matairi yasiishe haraka. Huko ni kukibebesha kichwa mzigo wote, na ni hatari mno.

Gia ndogo ipangwe ukiwa bado kileleni, kabla ya kushuka, kwa sababu katikati ya mteremko huenda isiingie. Nyutro usiweke kamwe. Ukichagua kilomita 40 kwa saa, ikifika 40 kanyaga kwa nguvu hadi 32, kisha achia dramu zipumue.

Na uzito? Sheria ya Afrika Mashariki inaishia tani 56 kwa gari zima. Lakini hata chini ya hapo, ukiongeza tani 8 juu ya 40, breki zinapokea joto zaidi kwa asilimia 20 kwenye mteremko uleule.

SWALI: Lori la petroli likipinduka karibu nasi, tufanye nini? – Mama Aisha, Bombo

JIBU: Kimbieni, mama, na watoto wasichukue hata kibuyu kimoja. Kigogwa, barabara ya Bombo, Oktoba 2024, watu waliungua wakichota petroli. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa; hutambaa chini hadi kwenye jiko au bodaboda iliyowashwa. Elekeeni upepo unakotoka, angalau mita 300, likiwaka, 800. Mkiwa mbali, pigeni 999 au 112.