Wifi Aje, Bosi Abaki Nyumbani

"Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tabata, Dar es Salaam. Mume wangu kwao ni Muheza. Krismasi ya mwaka huu tunakwenda kwetu Marangu. Tunaondoka Desemba 20 na kurudi Januari 4. Tuna mbwa wa miaka tisa anaitwa Bosi, na paka mmoja. Nimepata kituo huko Mbezi wanakolaza mbwa wa watu waliosafiri, 20,000 kwa siku. Picha nilizoziona ni nzuri na wana wataalamu. Nimeshawaambia tutampeleka. Wanachodai ni kadi ya chanjo, ambayo siioni. Nadhani mara ya mwisho alichanjwa mwaka juzi.

Mume wangu amekataa. Anataka mdogo wake wa kike, anayesoma chuo Morogoro, aje akae nyumbani kwangu muda wote huo amwangalie mbwa. Shangazi, huyu wifi aliishi kwetu miaka miwili kabla ya kwenda chuo. Ni kweli ndiye aliyekuwa akimpikia Bosi, lakini ni mtu wa kufungua kila kabati. Alivaa kitenge changu bila ruhusa. Ukimtuma sokoni harudishi chenji mpaka umuulize. Nilipolalamika, mama mkwe akamtetea. Tuliagana vibaya. Leo apewe funguo za nyumba yangu? Mume wangu anasema mbwa amezeeka, hawezi kwenda kulala kwa watu. Wiki ya pili sasa hatuongei vizuri, naona anampenda mbwa na dada yake kuliko mimi. Dada wa kazi anakwenda likizo Lushoto, tena ni Mwislamu, Bosi hamgusi. Jirani anasema mlinzi wake anaweza kuwa anamtupia chakula kwa juu ya ukuta. Nishauri, nampenda mbwa wangu na sitaki ateseke. Mama Wawili, Tabata."

Marahaba, mwanangu. Kununiana na mume wiki chache kabla ya safari, tena safari ya kwenda kwa wazazi wako, si jambo dogo. Pole.

Sasa tuongee. Barua yako imeanza na mbwa na imeishia na mbwa, lakini moyo wake ni wifi. Kuhusu Bosi umenipa umri tu. Hukuniambia anakula nini, anaamkaje asubuhi, kama amewahi kulala nje ya geti lenu hata usiku mmoja. Kuhusu kitenge nimeelezwa. Paka ndiyo kabisa: umemtaja mara moja, hukusema anakwenda wapi wala anabaki na nani. Mtu anayehangaikia wanyama wake hasahau mmoja. Ninavyoona mimi, shida yako si mahali pa kumweka mbwa. Unatafuta njia ya kumzuia wifi asikanyage nyumbani kwako, na mbwa umemfanya kisingizio.

Katika hili mume wako yuko sahihi, na sababu zake ni nzito kuliko alivyoweza kukueleza.

Mbwa mkubwa wa miaka tisa ni mzee. Mchukue mzee huyo umfungie kwenye banda asilolijua, kwenye sakafu ya saruji, kulia mbwa wanabweka, kushoto wanabweka, usiku kucha. Wengi wao hususa chakula siku za mwanzo, wengine huharisha kwa hofu tu bila ugonjwa wowote. Nanyi mtakuwa zaidi ya kilomita 500 kutoka hapo. Simu ikipigwa Desemba 26 kwamba Bosi hali tangu juzi, utafanya nini ukiwa Marangu?

Halafu kuna hiyo kadi. Umeiandika kwa kupita tu, kana kwamba kituo kinakusumbua, kumbe ndiyo habari kubwa kuliko zote. Kituo kinachodai kadi kinajua kazi yake. Kikikuambia "mlete tu, tutaelewana," kikimbie. Mbwa wengi wakikaa pamoja wanaambukizana. Kuna kikohozi kinachosambaa kwa hewa kutoka banda hadi banda. Kuna parvo, maradhi ya kutapika na kuharisha damu, ambayo virusi vyake hukaa kwenye sakafu na udongo kwa miezi, na mbwa asiyechanjwa anaweza kuondoka nayo hata kama aliyeileta alishaondoka zamani. Wala usifikirie kumchoma sindano Desemba 19 na kumpeleka kesho yake, maana kinga inahitaji kama wiki mbili kujijenga.

Hapa lawama nakupa wewe na mume wako pamoja. Chanjo ya kichaa cha mbwa mbwa wetu hupewa kila mwaka. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Nanyi mna watoto wawili wanaocheza na mbwa aliyechanjwa "mwaka juzi, nadhani". Kituo au si kituo, wifi au si wifi, wiki hii muiteni daktari wa mifugo. Hamna namba yake, nendeni kwa afisa mifugo wa kata. Paka naye achanjwe.

Niulize jingine: hicho kituo umefika? Umesema picha. Picha hupigwa siku ambayo pamefagiliwa. Mtu anayetaka kumlaza mbwa wake mahali huenda mwenyewe, bila kuaga, saa saba mchana, akasimama ndani ya banda lenyewe. Kama paa ni bati tupu bila dari wala kivuli cha mti, kwa joto la Dar la Desemba, wewe mwenyewe hutamaliza dakika tano. Anatazama bakuli la maji kama limeota ukungu wa kijani. Anauliza nani analala pale usiku, daktari gani anaitwa mbwa akiugua, na siku ya Krismasi yenyewe nani yuko zamu. Vituo vizuri vipo, na watu wasio na ndugu mjini vinawasaidia sana. Mbwa kijana, mwenye chanjo kamili, aliyezoeshwa kulala huko tangu mdogo, anakaa vizuri tu. Bosi si mbwa huyo.

Suala la mlinzi wa jirani tusilijadili. Mbwa hatupiwi chakula kwa juu ya ukuta kwa wiki mbili. Maji nayo atatupiwa? Na dada wa kazi mwache aende Lushoto kwa amani. Mate ya mbwa kwake ni najisi, hiyo ni dini yake, na umefanya vizuri kutomlazimisha.

Nyumba yenyewe umeifikiria? Unataka kulipa siku 15 kwa 20,000, yaani 300,000, ili kumwondoa mbwa wa ulinzi kwenye nyumba tupu, mwezi ambao kila mwizi wa Dar anajua watu wamepanda basi kwenda kwao. Taa hazitawaka, hakuna atakayefagia uani, na mbwa hayupo. Mume wako anakuambia nyumba ibaki na mtu na mbwa, wewe unasikia anampenda dada yake.

Haya, tuje kwa huyo dada yake.

Nimesoma makosa yake mara mbili, nikatafuta kubwa, sikuliona. Kitenge. Kabati. Chenji, ambayo umeandika mwenyewe kwamba ukimuuliza anarudisha. Alikuja kwako msichana aliyemaliza shule juzi, akakaa kwako miaka miwili, kila siku akimpikia mbwa wako, akingoja sufuria ipoe ndipo amwite. Mbwa hasahau mkono huo. Sikusoma popote kwamba mlimlipa, wala kwamba ulimshukuru. Kuvaa kitenge cha wifi bila ruhusa ni utovu wa adabu, nakubali, na kunasemwa siku hiyohiyo, jikoni, mkiwa wawili. Wewe ulikipeleka mpaka kwa mama mkwe, halafu unashangaa mama kumtetea mwanawe. Mama yako angefanya nini?

Kuna jambo jingine hukuliona. Mume wako amekubali Krismasi hii iwe ya kwenu. Mama yake Muheza atakula sikukuu bila mwanawe na bila wajukuu. Na huyo binti, badala ya kufunga chuo akaenda kwa mama yake, anaombwa aje Tabata kulinda nyumba yako ili wewe ukale kwa mama yako. Nani hapa anamfanyia mwenzake hisani?

Ndoa za siku hizi zimeingiwa na ugonjwa ambao mimi naupigia kelele kila nikipata nafasi. Watu wanaona afadhali kumlipa mtu wasiyemjua kuliko kuwa na deni la wema kwa ndugu. Mgeni ukishamlipa mmemalizana. Ndugu akikusaidia, kesho atahitaji nauli, kesho kutwa ada, na hilo ndilo linaloogopwa. Tunajenga kuta, tunaweka geti, tunasema "nyumba yangu". Umeandika "nyumbani kwangu" na "nyumba yangu", mwanangu, ilhali nyumba hiyo ni yenu. Siku mtoto akiugua saa nane za usiku, wale wataalamu wa Mbezi hawaji. Anayekuja ni wifi uliyemnunia. Wahenga walishasema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na huyu wala si zimwi, ni binti aliyekosea mambo madogo akiwa mdogo.

Mume wako naye ana kosa lake, simfichi. Mtu hapangi mgeni wa wiki mbili bila kukaa na mke wake kwanza, hasa akijua mliagana vibaya. Na asidhani kusema "dada atakuja" ndiyo kazi imekwisha. Awe anapiga simu kila jioni.

Wewe fanya hivi. Mpigie wifi mwenyewe, kwa sauti yako, usitume ujumbe wala usimtume mume. Mwambie yaliyopita yamepita na unamhitaji. Mtumie nauli ya treni mapema, maana Desemba tiketi zinagombaniwa, na afike siku tatu kabla hamjaondoka, Bosi amwone akiwa ndani ya nyumba na ninyi mkiwepo. Chumba chenu kifunge uondoke na ufunguo, hakuna atakayekulaumu, ni desturi ya watu wote. Makabati mengine achana nayo. Ile 300,000 gawanya: nusu iwe ya binti mkononi, nusu ya chakula, umeme na gesi, na akiba ya daktari. Mkono mtupu haulambwi, hata kama ni wa ndugu.

Chakula cha Bosi kiwe kilekile alichozoea. Mifupa ya kuku iliyopikwa asipewe, inavunjika vipande vyenye ncha kali na kutoboa utumbo. Mabaki ya pilau ya sikukuu yenye vitunguu asipewe pia, vitunguu ni sumu kwa mbwa. Usiku wa kuamkia Januari 1 ni wa kuuangalia kuliko zote: kabla giza halijaingia Bosi aingizwe ndani, stoo au jikoni, madirisha yafungwe na redio iwashwe, kwa sababu fataki zikianza mbwa mtulivu anaweza kuruka ukuta na asionekane tena. Namba ya daktari ibandikwe mlangoni. Paka abaki hapohapo, paka kapenda nyumba kuliko safari. Kumhamisha ni kumwambia atoroke.

Kituo wapigie leo uwaambie hutakuja, wampe mtu mwingine nafasi. Ile kadi itafuteni wewe na mume wako pamoja, mkiongea. Isipoonekana, daktari atakapokuja kuchanja ataandika mpya.

Na wifi ukimpigia, muulize kama mama yake angependa kuja kula naye Krismasi hapo Tabata. Nafasi ipo, na mtu wa kupika yupo.