Wasifu wa kiongozi aliyependwa: andika alichofanya

Msomaji ametuandikia akiomba msaada. Diwani wao amefariki, naye amepewa siku mbili aandae wasifu wa marehemu. Kila akishika kalamu yanatoka yaleyale: mchapakazi, mpenda watu, mtetezi wa wanyonge. Ndugu yetu, maneno hayo yanamfaa diwani yeyote. Waombolezaji watakuja kusikia habari za diwani wao, yule waliyemjua.

Kabla ya kuandika, tafuta watu watano: mwanafamilia mmoja wa kuthibitisha majina na tarehe, katibu aliyekaa naye vikaoni, mwananchi aliyewahi kupeleka shida kwake, kijana aliyemlea kiuongozi, na mtu mmoja aliyempinga. Huyo wa mwisho usimruke, kwa sababu sifa ikitoka kwa mpinzani haina anayeibishia. Usiwaulize marehemu alikuwa mtu wa namna gani, maana utajibiwa "mtu mzuri sana" na mazungumzo yataishia hapo. Uliza: ni jambo gani alilifanya kila wiki ambalo sasa halina wa kulifanya? Mara ya mwisho mlibishana kuhusu nini? Hapo ndipo utaambiwa kwamba alifika kikaoni nusu saa kabla akapanga viti mwenyewe, au kwamba daftari la malalamiko alirudi nalo nyumbani kila jioni.

Sasa vitenzi, na hapa ndipo wasifu nyingi huharibika. Kupendekeza, kufuatilia, kusimamia, kuchangia na kujenga ni mambo matano tofauti. Chukua mfano wa daraja: lilijengwa kwa kodi na nguvu za watu. Yeye huenda ndiye aliyeandika barua ya kwanza, kisha akaifuatilia miaka minne bila kuchoka. Andika hivyo hivyo. Ukimpa daraja lote, fundi na waliobeba mawe watatazamana, na kuanzia hapo hata la kweli litatiliwa shaka. Mihtasari ya vikao itakuonyesha nani alileta hoja na lini. Tarehe usiyoweza kuithibitisha iache. "Miaka ya mwanzo ya uongozi wake" inatosha.

Chagua mambo matatu tu, na kila moja lipe mahali, watu na matokeo. Orodha ya kamati kumi na mbili alizoketi iwekwe kwenye karatasi ya ratiba, isisomwe. Kama alikuwa mkali, sema alikuwa mkali, kisha onyesha ukali huo ulilinda nini. Kumfanya malaika ni kumnyima heshima yake, kwa sababu waliomsikia akifoka wamo humo humo wanasikiliza.

Maneno 500 hadi 600 yakisomwa kwa utulivu huchukua kama dakika tano au sita. Zaidi ya hapo watu huanza kunong'ona. Chapa kwa herufi kubwa, mistari iachane, upande mmoja wa karatasi, kurasa zote ziwe na namba: mikono ikitetemeka karatasi hudondoka, na bila namba hutajua uanzie wapi. Soma kwa sauti mara tatu. Nakala ya pili ashike mtu atakayesimama karibu, tayari kuendelea sauti yako ikikatika. Kulia si aibu. Aibu ni umati kukaa kimya ukingoja huku hakuna aliyejiandaa.

Jioni ya kuamkia siku ya mazishi, msomee msemaji wa familia wasifu wote. Makosa yanayoumiza zaidi ni mtoto aliyesahaulika na jina lililokosewa, na hayo hayarekebishiki ukishashika kipaza sauti. Wanasiasa wakiomba "dakika moja tu", mshereheshaji awe na orodha ya wasemaji iliyokubaliwa na familia, naye asiivunje kwa cheo cha mtu.

Bamba la kumbukumbu lisubiri miezi kadhaa, hasira na haraka zipoe. Jina, miaka, na sentensi moja ya alichofanya: maneno yasizidi 30. Yachongwe, kwa sababu rangi hupauka juani. Na kabla hamjalitundika, muandike nani atalisafisha.

Wasifu wenyewe usiishie mfukoni mwako. Nakala moja ipewe familia, nyingine ibaki kwenye ofisi aliyotumikia, ikiwa na tarehe na majina ya wale watano waliokusimulia.