Karatasi ya kura imeletwa nyumbani: niitie posta au nikatafute kituo?

Dada wa mji wa Kent, hapa Marekani, pole na hongera. Umeapishwa uraia juzi juzi tu, tayari umeletewa bahasha nene yenye karatasi ya kura. Mumeo anasema irudishe posta yaishe, wewe roho yako inataka foleni kama nyumbani, tena unauliza kuna haja gani wakati Rais hayumo. Na lile la mama mkwe asiyejua kuandika, atapigaje kura, nimeliona, nitalifikia.

Bahasha ni ya kweli, usiitupe. Hapa jimbo la Washington kila mpiga kura aliyesajiliwa hutumiwa karatasi yake nyumbani, na lazima ziwe zimetumwa angalau siku 18 kabla ya uchaguzi. Mimi mwenyewe ilinichanganya. Kura yangu ya mwisho kabla ya kuja huku niliipiga Likoni, Mombasa, Machi 4, 2013. Nilifika uwanja wa shule saa kumi alfajiri, nikatoka saa saba mchana, karatasi 6 nimezitia masandukuni, wino kidoleni. Vile vifaa vya kutambua wapiga kura viligoma, makarani wakarudi kwenye daftari la karatasi, watu wakachapa domo juani mpaka wakawa jamaa. Hiyo ndiyo kura niliyoijua. Kukuta nyingine imelala mezani baina ya chupa ya chai na bili ya umeme niliona kama mzaha.

Sasa hapa ndipo pa kukaa makini. Nyumbani karani hukutazama uso na kitambulisho. Huku hakuna anayekuona, kwa hiyo sahihi yako ndiyo uso wako. Nyuma ya bahasha ya kurudishia kuna kiapo na mahali pa kutia sahihi, na ofisi ya uchaguzi huilinganisha na ile iliyo kwenye kumbukumbu zao, ambayo mara nyingi ni ile uliyochora ulipochukua leseni ya udereva. Neno nimelichagua: nilichora. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, nikapewa kalamu ya plastiki na kioo kinachoteleza, nikapitisha mkono kama kuku aliyekanyaga wino. Kisha 2019, mara yangu ya kwanza kupiga kura hapa, nikatia ile sahihi yangu nadhifu ya benki, yenye mkia na nukta mbili. Baada ya siku chache ikaja barua: sahihi hazilingani, kura yako imesimamishwa. Nusura niitupe pamoja na matangazo ya pizza. Nikajaza fomu waliyoambatanisha, nikairudisha, na kura ikahesabiwa. Unapewa nafasi hiyo hadi siku moja kabla ya matokeo kuidhinishwa, lakini ukinyamaza, kura imekwenda na maji.

Usidhani ni sisi wageni tu. Mwaka 2004 Larry Phillips, aliyekuwa mwenyekiti wa baraza la King County, kaunti yetu hii, alipewa orodha ya kura zilizokataliwa mtaani kwake akakuta jina lake mwenyewe. Ikaja kugundulika kwamba mamia ya kura zilikataliwa kimakosa kwa kuwa sahihi za wenyewe hazikuwa zimeingizwa kwenye kompyuta. Ugavana wa mwaka ule Christine Gregoire aliupata kwa kura 129 katika hesabu ya mkono. Hata hivyo yanayotupata sisi ni zaidi: mkaguzi mkuu wa jimbo alipochunguza uchaguzi wa 2020 alikuta kura za wapiga kura Weusi zimekataliwa kwa ajili ya sahihi kwa kiwango cha mara 4 ya Wazungu. Kwa hiyo toa leseni yako, itazame, uige uchafu wako mwenyewe. Andika na namba ya simu pale walipoiomba.

Posta au mkono? Posta ni bure, huhitaji stempu, ila kinachohesabiwa ni tarehe ya muhuri, ambao usipite siku ya uchaguzi. Bahasha ukiitumbukiza jioni baada ya gari la posta kupita, muhuri waweza kuwa wa kesho yake. Mimi siitumi. Naipeleka kwenye yale masanduku ya chuma ya kura, mengi yako karibu na maktaba na ofisi za mji. Hufungwa saa mbili usiku kamili siku ya uchaguzi, na wakisema kamili ni kamili. Ukitaka hasa kwenda mahali ukaone watu, King County wana ofisi Renton, na huko waweza hata kujisajili siku yenyewe. Foleni ya kuchapa domo sikuahidi.

Kuna jambo moja halisemwi sana katika jamii zetu. Nyumbani ukiingia kibandani, mume, mjomba na imamu wote hubaki nje. Huku kibanda ni meza ya kulia chakula, na nimeona mzee wa nyumba amekusanya bahasha nne anazijaza mwenyewe huku wanawe wakitazama mpira. Hilo ni kosa la jinai, na hata lisingekuwa kosa, nisingelikubali. Yako jaze ukiwa peke yako. Mumeo yake imemtosha.

Kuhusu Rais. Novemba 2013 mji wa SeaTac ulipigia kura kima cha chini cha dola 15 kwa saa kwa wafanyakazi wa hoteli na uwanja wa ndege, wakati kima cha jimbo kilikuwa dola 9.19. Waliosema ndiyo walikuwa 3,040, waliosema hapana 2,963. Kura 77, dada. Harusi yetu moja tu inazidi hapo. Mimi nilifika mwaka huohuo nikawa napakia mizigo uwanjani, na sisi wa ndani ya uwanja tulisubiri hadi Agosti 2015, Mahakama ya Juu ya jimbo ilipoamua kwamba nasi tumo. Hao makamishna wa bandari walio kwenye karatasi yako ndio wanaousimamia uwanja huo.

Wenye grini kadi mnaosoma kimya kimya: msijisajili, hata karani akikuulizeni kwa tabasamu. Fomu ya uraia inauliza kama umewahi kujisajili au kupiga kura, na kujidai raia kwaweza kukufukuzisha nchi. Iko miji michache inayoruhusu wasio raia, kama Takoma Park kule Maryland, lakini si hapa.

Mama mkwe asiyejua kuandika, madhali ni raia na amesajiliwa, aweke alama yake mahali pa sahihi, na watu wawili walioshuhudia watie sahihi zao. Unaweza kumsomea majina. Kuchagua achague yeye, hata akimchagua yule usiyempenda.