Maswali ya Wasomaji: Diski yasema sugu, PCR haioni jeni

SWALI: Tumepima bakteria Staphylococcus aureus kwa diski ya antibiotiki ya sefoksitini ya mikrogramu 30, kipenyo cha duara lisiloota bakteria kikawa milimita 17. PCR (kipimo kinachokuza DNA) ya jeni ya usugu ya mecA haikuonyesha mstari wowote. Tuandike nini kwenye ripoti?

JIBU: Andikeni sugu. Milimita 21 kushuka chini ni usugu, na ni hatari kumpa mgonjwa dawa jamii ya penisilini kwa kuwa tu PCR imenyamaza.

Kisha tafuteni chanzo. Je, jeni ya nuc, inayotambulisha S. aureus, ilionekana kwenye sampuli hiyohiyo? Kama haikuonekana, huenda DNA haikutoka. Ukuta wa bakteria huyu ni mnene, na mara nyingine kuchemsha peke yake hakutoshi: tangulizeni kimeng'enya cha lisostafini kwa nyuzi 37, kisha chemsheni dakika 10 kwa nyuzi 95, mzungushe kwenye sentrifuji na kuchukua maji ya juu tu. Koloni moja katika mikrolita 100 za maji safi inatosha. Wengi hujaza koloni wakidhani wanasaidia, kumbe mabaki yake huzuia kazi ya polimerasi, kimeng'enya kinachonakili DNA. Mkishuku hivyo, punguzeni makali ya sampuli mara 10 na mrudie.

Ikiwa nuc ipo na mecA haipo, pimeni mecC, jeni nyingine ya usugu huohuo iliyoelezwa mwaka 2011. Inafanana na mecA kwa takriban asilimia 70 tu, hivyo praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha PCR) nyingi za mecA huikosa. Hakikisheni pia kuwa sahani haina mchanganyiko: diski husoma bakteria wote walioota, ilhali PCR husoma koloni mliyoichota. Otesheni upya kutoka koloni moja, kisha vipimo vyote viwili vitoke hapo.

SWALI: Kwenye PCR, mrija wa uhakiki wenye maji matupu, usiowekwa DNA, nao umetoa mstari. Tukubali majibu ya sampuli?

JIBU: Hapana, hata moja. DNA iliyokuzwa imeingia kwenye vitendanishi au pipeti. Tupeni vitendanishi vilivyofunguliwa, futeni meza kwa dawa ya klorini iliyochanganywa 1 kwa 10 na kuiacha dakika 10, na mirija iliyokwisha kukuzwa isifunguliwe kamwe katika chumba cha kuandalia mchanganyiko.