Mfarishi wa rangi tulivu: mbona vipande havionekani?

SWALI: Nashona mfarishi wa viraka vya mraba kwa rangi za maziwa, mchanga na majivu. Nimevipanga sakafuni, lakini nikisimama mlangoni naona shuka moja tu lililochujuka. Niongeze rangi kali? Na kwa sentimita 150 kwa 200 ninunue kitambaa kiasi gani?

JIBU: Rangi kali usiongeze. Kipande chekundu kimoja kitavuta macho yote na utulivu utakuwa umekwisha. Vipande vyako vimelingana mno kwa mwanga. Vipige picha kwa simu mchana, kisha igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Vilivyotoka kijivu kilekile vitenganishe, visikae ubavu kwa ubavu.

Chukua vitambaa sita vya pamba: viwili vyeupe-vyeupe, viwili vya kati, viwili vilivyokoza kidogo tu. Vitofautishe pia kwa ufumaji. Marekani mbichi, yaani kitambaa cha pamba kisichopaushwa, ikikaa kando ya poplini laini huonekana hata kama rangi ni moja; shati la mistari myembamba nalo linafaa. Vyenye kukoza vipange kwa mshazari, jicho lipate njia ya kufuata.

Mraba ukishonwa uwe sentimita 10. Mdogo zaidi humezwa. Kata sentimita 11.2, yaani milimita 6 za mshono kila upande. Utahitaji miraba 300, hamsini kwa kila kitambaa. Kitambaa cha upana wa sentimita 110 hutoa miraba tisa kwa safu, hivyo sentimita 75 za kila kimoja zinatosha. Fua na upige pasi kabla ya kukata, maana marekani hurudi. Mshono ukizidi milimita moja tu, safu ya miraba 15 itapungua karibu sentimita 3, na safu hazitakutana.

SWALI: Nimeshaunga, lakini pembeni mwa vipande vyeupe kuna michirizi ya giza. Ni uchafu?

JIBU: Ni ukingo wa kitambaa kilichokoza, umelalia chini ya kile cheupe na unaonekana kwa juu. Geuza kazi, ulaze mshono upande uliokoza, upige pasi kwa kukandamiza. Ukiiburuta, mraba utavutika upande. Pasipolazika, punguza ukingo uliokoza kwa milimita 2. Fanya hivyo kabla ya kuweka pamba na bitana, kwani baadaye hutaufikia tena bila kufumua.