Sola kwenye boti: hesabu joto kabla ya paneli

Mafundi wanaoanza kufunga sola kwenye vyombo vya baharini huja wameshatajiwa kazi: nahodha ana boti ya kupeleka wageni visiwani, anataka friji, feni mbili, taa na mahali pa kuchaji simu. Wanauliza paneli ngapi. Mimi huwauliza kwanza friji itakaa wapi na mfuniko wake unafunguka kwa juu au kwa ubavuni. Taa za LED hazili kitu cha kutisha, redio na simu vivyo hivyo. Kinachomaliza betri kwenye boti ya pwani ni ubaridi, na ubaridi una tabia ya kuvuja.

Chukua friji ndogo ya kompresa ya volti 12, ya lita 50 hivi. Ikizunguka inavuta kama wati 45 hadi 60. Karatasi ya kiwandani itakuonyesha matumizi madogo ya siku, ila mara nyingi hayo yalipimwa penye hewa ya nyuzi 25. Chini ya sitaha mwezi wa Februari pana nyuzi 35 na kupita, na wageni wanafungua kila dakika kutafuta maji. Weka wati-saa 600 kwa siku (wati mara saa za kuwaka), usiweke chini ya hapo. Kisha mwulize nahodha anapakia vinywaji vya namna gani. Lita 20 za maji ya nyuzi 30, ukitaka yashuke hadi nyuzi 5, yana joto la karibu wati-saa 580 linalotakiwa kutolewa. Vinywaji vilivyolala kwenye friji ya nchi kavu usiku kucha vinakuokolea mzigo huo, na hakuna paneli uliyonunua. Friji inayofunguka kwa juu nayo inasaidia, kwa sababu hewa baridi ni nzito, haimwagiki nje kila mtu anapochungulia.

Kwa wavuvi hesabu ni nyingine, na hapa vijana wengi hawataki kunisikiliza kwa sababu barafu haina faida ya fundi. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka inameza joto la wati-saa 93 hivi. Sanduku lenye kilo 50 lina zaidi ya kilowati-saa nne na nusu za ubaridi, tayari kutumika, bila waya. Ukitaka kompresa ndogo itoe joto hilo hilo itakula kama kilowati-saa tatu za umeme, yaani paneli za wati 700 zikipigwa jua zuri siku nzima. Mashua ya mita saba utaziweka wapi? Kwa hiyo umeme wa kugandisha maji uwe nchi kavu, ikiwezekana wa sola ya ufukweni, na boti ibebe barafu.

Sasa angalia sanduku lenyewe. Kwenye joto letu wavuvi wanaambiwa wabebe kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Ukipiga hesabu ya samaki peke yake, kumtoa nyuzi 28 hadi sifuri, theluthi ya barafu hiyo ingetosha. Inayobaki inaliwa na kuta, mfuniko na tundu la kutolea maji. Kuta ziwe na povu gumu la sentimita 7 hadi 10, lililofunikwa pande zote kwa faiba lisinywe maji, maana povu lililolowa halizuii joto. Mfuniko upime kwa kipande cha karatasi: bana karatasi kati ya mfuniko na ukingo, kisha ivute. Ikitoka kirahisi, hapo pana uwazi, na uzungushe ukingo wote hivyo hivyo ukiweka alama ya chaki. Mrija wa chini nao, ukiuacha wazi, ubaridi unatiririka nje usiku mzima. Upinde ili maji yabaki kwenye kona yake, au uwekee kizibo.

Kiyoyozi kwenye boti ya sola? Mwambie mteja hapana, kwa upole. Kadogo kabisa kanavuta wati 450 hivi, na saa nane zake zinakaribia kilowati-saa nne. Turubai jeupe lililoinuliwa ili upepo upite chini yake, rangi nyeupe juu ya sitaha na feni ya wati 15 vinafanya kazi nzuri zaidi kwa pesa ndogo. Na ule ujanja wa kitambaa kibichi cha kupoza hewa unafaa Turkana au Dodoma kwenye hewa kavu. Unguja hewa yenyewe imeshalowa.

Paneli, basi. Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta na Unguja 6, kwa hiyo laza paneli bapa, usihangaike na pembe. Paneli ya wati 100 ikupe wati-saa 400 siku nzuri. Wakati wa masika zinaweza kushuka hadi nusu. Iache nafasi ya hewa chini, kwa sababu ikichemka inapoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu yake. Adui mkubwa ni kivuli cha foromali, ule mti unaobeba tanga. Nahodha akibisha, yaani akigeuza chombo kukata upepo, kivuli kinahama kutoka upande huu kwenda ule, na mstari mwembamba tu ukikata safu ya seli unaweza kunyamazisha theluthi ya paneli. Ndiyo maana paneli mbili za pande mbili za boti ziungwe sambamba, chanya na chanya, hasi na hasi, moja isiiburure nyenzake.

Kwa boti ile ya wageni, friji, feni na taa vinafika karibu wati-saa 1,000. Wati 300 za paneli na betri ya lithiamu ya volti 12, ampia-saa 200, yaani kama wati-saa 2,400, zinatosha, na akiba ya siku moja ya mawingu inabaki. Betri ya asidi itumie nusu tu ya kilichoandikwa, ukizidisha unaiua mapema, na ikichajiwa inatoa gesi inayolipuka, kwa hiyo isifungiwe pamoja na madumu ya petroli.

Kuhusu feni ya upepo ya kuzalisha umeme, nguvu yake hupanda mara nane upepo ukiongezeka maradufu, na hushuka vivyo hivyo. Inalipa kwa chombo kilichotia nanga wakati wa kusi kali. Ukienda na upepo mgongoni inakaribia kusimama. Tanga lenyewe linatumia upepo huo vizuri kuliko kifaa chochote utakachouza.

Mashine za umeme za kusukuma boti zinaulizwa sana siku hizi. Dumu la lita 20 la petroli, hata baada ya injini kupoteza nyingi, linafikisha kama kilowati-saa 35 kwenye propela. Hizo ni betri 28 za lithiamu za volti 12, ampia-saa 100, zaidi ya kilo 300. Watu hutaja boti ya Tûranor PlanetSolar, iliyozunguka dunia kwa jua kuanzia Monaco Septemba 2010 hadi Mei 2012. Ni kweli, ila ilikuwa na mita za mraba 537 za paneli na tani 8.5 za betri, na ilikwenda kama kilomita 9 kwa saa. Kwa kuvusha watu kwenye hori au kutembeza wageni mikokoni, safari fupi na mwendo wa pole, mashine ya umeme nitaifunga bila wasiwasi. Kwa mvuvi anayekwenda kwenye mkondo wa bahari kufuata jodari, bado.

Waya usibanie. Ampia 10 kwenda mita 6 na kurudi kwa waya wa milimita 2.5 za mraba zinapoteza volti 0.8, kompresa inashindwa kuwaka na mteja anakulaumu kwamba umempa betri mbovu. Weka wa milimita 6, wa shaba iliyopakwa bati. Shaba tupu huingiwa na chumvi ndani ya ganda. Ukiimenya unakuta nyeusi shubiri nzima wakati nje inang'aa. Fyuzi ya kwanza ikae kando ya betri, si kwenye paneli ya swichi, kwa sababu kipande cha waya kati ya betri na fyuzi hakina wa kukikatia umeme kikigusana.