Picha ya babu na ndege ya mabomu: nilivyoijua ndege na watu wake

Mkuu mleta mada, nimesoma ulichouliza: umetuwekea picha ya babu yako kasimama na wazungu mbele ya ndege kubwa ya mabomu ya injini nne, mkia wa mapezi mawili, hakuna jina wala mwaka, na unataka kujua ndege ni ipi na wale watu ni akina nani. Wengi wamekujibu uitupie tu kwenye simu itafute yenyewe. Mimi nimehangaika na picha ya namna hiyo kwa karibu miaka minne, kwahiyo nivumilie nikueleze kwa kirefu, halafu mwishoni nitarudi kwenye yako.

Yangu ilitoka kwenye sanduku la bati la bibi, Machame, imefungwa kwenye khanga pamoja na risiti za kahawa. Ndogo, kama sentimita sita kwa tisa. Wazungu wanne wa kaptula katikati, nyuma yao ndege ya injini mbili, nayo mkia wake una mapezi mawili, na kushoto kabisa, bega limekatwa na ukingo wa picha, babu mzaa mama kashika debe. Enzi za uhai wake alikuwa anasema ile ni ndege ya Mjerumani iliyokuwa inakwenda kumpiga Mtaliano, na yeye ndo alikuwa anaijaza petroli. Wajomba wakawa wanamwambia baba unachanganya, kwenye vita ya Hitila Mjerumani na Mtaliano si walikuwa kitu kimoja? Mzee mwishowe akaacha kuisimulia. Amefariki 1994 na hakuna hata mmoja nyumbani aliyemwamini, na mimi nilikuwemo.

Cha kwanza kabisa, geuza picha. Watu wanahangaika na sura za mbele wakati nusu ya habari iko nyuma. Yangu nyuma ina neno VELOX lililochapwa kwa ufifi, hiyo ilikuwa karatasi ya Kodak, halafu kuna penseli imefutika inasomeka Eastleigh na jina la kwanza la mzungu mmoja. Eastleigh ndo uwanja wa Nairobi wa enzi hizo, leo ni kambi ya jeshi la anga la Kenya. Hiyo penseli kwa macho huioni, niliiona nilipoinamisha picha dirishani jua la asubuhi likaingia kwa ubavu. Kwahiyo skani mbele na nyuma, dpi 1200 (kipimo cha ukali wa skani) kwenda juu, na skani kwa rangi hata kama picha ni nyeusi na nyeupe, maana rangi ndo inatenganisha penseli na doa. Usikate kingo. Usiitoe kwenye albamu kwa nguvu.

Na tafadhali usimpe mtu "akusafishie" kabla hujaiskani mwenyewe. Niliipeleka studio moja mjini, kijana akaipitisha kwenye programu ya AI, ikarudi inang'aa na namba ya ndege inasomeka vizuri kabisa, nikafurahi, nikatafuta ile namba miezi mitatu. Haikuwepo. Nilipokuja kuilinganisha na picha yenyewe nikakuta pale pana ukungu wa kijivu tu, tarakimu mbili za mwisho ndo zipo kweli, zilizobaki mashine imezitunga. Pia ikatia rangi nyekundu katikati ya lile duara la alama ya nchi lililochorwa ubavuni mwa ndege, na hapo ndo ilinipoteza zaidi, nitakueleza kwanini.

Sasa ndege yenyewe. Usianze na jina, anza na umbo: injini ngapi, mkia una pezi moja au mawili, bawa liko juu, katikati au chini ya bodi, injini ni za mviringo kama sufuria au ndefu kama za gari. Yangu ilikuwa injini mbili za mviringo, bawa chini, na kitu kimoja nilichokidharau mwanzoni: nyuma ya bawa kuna kama bawa jingine jembamba linaning'inia, na katikati yao mwanga unapita. Hilo bawa la pili ni alama ya Junkers. Wajerumani. Nilikaa kimya nikaiangalia ile picha jioni nzima.

Kumbe ndo hivi. Kabla ya vita shirika la ndege la Afrika Kusini lilinunua Junkers Ju 86 za abiria kutoka Ujerumani. Vita ilipoanza 1939 jeshi la anga la Afrika Kusini likazichukua, zikafungwa bunduki na vishikio vya mabomu, zikapewa skwadroni ya 12, yaani kikosi cha ndege. Skwadroni hiyo ikaletwa Kenya, na Italia ilipoingia vitani tarehe 10 Juni 1940, siku chache tu baadae zile Junkers zikawa zinawapiga Wataliano upande wa Moyale na kusini mwa Ethiopia. Ndege ya Mjerumani, mabomu kwa Mtaliano, rubani Kaburu, na anayejaza mafuta mtu wa Machame. Babu hakuchanganya hata neno moja. Nilimpigia mjomba mkubwa usiku ule ule.

Lakini umbo peke yake halithibitishi, nikatafuta ushahidi mwingine kwenye picha hiyo hiyo. Namba kwanza. Ndege za RAF, yaani Waingereza, namba zao huanza na herufi, mfano R5868, wakati za Afrika Kusini zilikuwa tarakimu tupu. Zile mbili zangu za mwisho zilikuwa tarakimu, sawa, hiyo haitoshi. Halafu lile duara. La Waingereza katikati ni jekundu, la Afrika Kusini wakati ule lilikuwa la chungwa. Kwenye nyeusi na nyeupe utajuaje? Hutajua. Filamu za kamera za mtaani miaka ile, kama Verichrome ya Kodak, hazikuwa zinaona nyekundu, kwahiyo nyekundu na chungwa zote zinatoka nyeusi na buluu inapauka karibu iwe nyeupe. Ndo maana nasema yule kijana wa studio aliniharibia, programu ilichagua nyekundu bila ushahidi wowote na mimi nikaamini ni Waingereza.

Kilichonimalizia kazi ni mabega. Zoom mabega ya wale wanne: kwenye kila mkanda wa bega kuna kipande cheusi kimekatiza, kidogo kama punje mbili za mahindi. Wanajeshi wa Afrika Kusini waliokula kiapo cha kwenda kupigana nje ya nchi yao walivaa kitambaa cha rangi ya chungwa inayokaribia nyekundu hapo hapo begani, na kwenye filamu ile lazima kitoke cheusi. Wote wanne wanacho. Hapo nikaweka kalamu chini.

Kwa upande wa watu, jifunze kusoma kifua. Mabawa mawili kifuani ni rubani. Nusu bawa ni wengine, na kwa RAF kwenye hilo nusu bawa kuna herufi: N navigeta yaani muongoza njia, B mlenga mabomu, E fundi wa injini wa angani, AG mpiga bunduki, na O ya zamani ilikuwa ya mwangalizi. Hizi N na B zilianza 1942, kwahiyo ukiona N ujue picha haiwezi kuwa ya 1940. Mabawa yanavaliwa kifua cha kushoto juu ya mfuko, ukiyakuta kulia basi negativu imegeuzwa wakati wa kusafisha, na herufi zote unazozisoma ubavuni mwa ndege unazisoma kinyume. Nimeona mtu kabishana wiki mbili kuhusu picha iliyogeuzwa.

Mfano mzuri wa nusu bawa ni Ulric Cross, mtu wa Trinidad, mweusi, navigeta wa ndege za Mosquito kwenye skwadroni ya 139. Mosquito ilibeba watu wawili tu, rubani na navigeta, na bodi yake ilikuwa ya mbao. Alitoka mara 80 kwenda kupiga, mara 20 kati ya hizo Berlin yenyewe, akapata nishani za DFC na DSO. Nawatajia huyu maana baadae, kuanzia 1967, alikuwa jaji wa Mahakama Kuu yetu hapa Tanzania. Wako wazee wa sheria Dar waliosimama mbele yake na sidhani kama wote walijua yule bwana mwenye sauti ya taratibu alipita wapi. Picha zake za vita zipo mtandaoni, zitafute uone alivyosimama.

Kuhusu herufi kubwa za ubavuni, hapa ndo watu wanakosea sana. Kwa RAF herufi mbili ni za skwadroni, na moja upande wa pili wa duara ni ya ndege. Ila ile herufi sio jina la ndege milele. Ndege ikianguka, inayokuja inapewa herufi ile ile, na ndege ikihama skwadroni inabadilishwa zote. Lancaster, ndege ya mabomu ya Waingereza ya injini nne, namba R5868 iliyopo makumbusho ya RAF kule Hendon London ilikuwa OL-Q ikiwa skwadroni ya 83, ikahamia ya 467 ikawa PO-S. Ndege moja, picha mbili, utaapa ni ndege mbili. Kwahiyo herufi bila tarehe usijenge nayo nyumba, tafuta namba.

Namba ukiipata, au hata skwadroni na mwezi tu, nenda kwenye madaftari ya operesheni. Kila skwadroni ya RAF ilikuwa inaandika kila siku: ndege gani imeruka, nani na nani ndani, imeondoka saa ngapi, imerudi saa ngapi. Yapo hifadhi ya taifa ya Uingereza, Kew, fungu la AIR 27, na mengi yameshaskaniwa. Ya Afrika Kusini utayafuata kwenye makavazi ya jeshi lao, Pretoria. Kwa waliokufa, tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha ya bure mtandaoni, unatafuta kwa jina au kwa makaburi, mfano yale ya Ngong Road Nairobi, Nanyuki, au yetu ya Dar. Kwa Lancaster na ndugu zake kuna kumbukumbu za kidijitali za kituo cha kumbukumbu ya kikosi cha mabomu kule Lincoln, Uingereza, nazo bure, na mle ndani kuna watu zaidi ya 55,000 wa kikosi cha mabomu cha RAF ambao hawakurudi. Soma taratibu, sio kitu cha kusoma kwa mkupuo.

Mimi wawili kati ya wanne nimewapata kwa uhakika, na ilikuwa kwa masikio. Familia moja ya kule Afrika Kusini ilikuwa na picha ya kikundi hicho hicho yenye majina chini, nikazilinganisha. Nywele zinabadilika, ndevu zinakuja na kuondoka, mtu anakonda vitani, lakini mkunjo wa sikio unabaki ule ule. Wawili masikio yalikubali, wawili hayakukubali, na hao wawili sijawaandika jina hata kwa alama ya kuuliza, maana jina likishaandikwa chini ya picha mtandaoni litanakiliwa na hakuna atakayelirudisha.

Babu hayumo kwenye daftari lolote nililoliona. Daftari linaandika galoni, haliandiki nani alizibeba. Ila kwenye ile familia kulikuwa na picha nyingine ambayo nilikuwa sijaiomba, walinitumia tu, inaonyesha mtu yuko juu ya bawa amepiga magoti anamimina debe la galoni nne kwenye funeli yenye ngozi laini ya kuchujia, sura imeinama, ila mkono wa kushoto kidole cha mwisho kimepinda kwa nje. Mama alipoiona hakuzoom. Alisema "huyo baba" akaenda kukaa nje.

Sasa yako mkuu. Kwa mkao ule ni Lancaster, hilo sina shaka, lakini angalia puani na mkiani. Lancaster ya vita ina vibanda vya vioo vyenye bunduki puani, mgongoni na mkiani. Yako vyote vimezibwa, pua imelainishwa. Hiyo sio ndege iliyokwenda Berlin ikarudi, ni Lancaster ya kupiga picha, za skwadroni ya 82, ambao kati ya 1946 na 1952 walikuwa wanapiga picha za ardhi Afrika Magharibi na huku kwetu, wakitumia Eastleigh hiyo hiyo. Ramani za zamani za Kenya na Tanganyika zilichorwa kutokana na picha za namna ile. Kwahiyo usitafute kwenye orodha ya vita, tafuta kwenye daftari la skwadroni ya 82 miaka hiyo, na wale wazungu huenda mmojawapo ni wa kamera.

Umeandika kwamba bibi yako bado yupo. Muulize kama mzee aliwahi kusema ile ndege ilikuwa haipigi mabomu, na kama aliwahi kusema hivyo, muulize nani alimbishia. Halafu geuza picha, iskani nyuma, uitupie hapa.